Somo la Kukataa

Katongo alikuwa hajui kukataa. Ukimnyooshea mkono, hakuwa na uwezo wa kuuacha urudi mtupu. Hapa sokoni Mufulira tulimwita Mama Kaluba, kwa jina la kifungua mimba wake, na meza yake ilipakana na yangu. Yeye aliuza dagaa wa Mpulungu, mimi nyanya na vitunguu. Dagaa wake walikuwa wazuri, wakavu, hawana mchanga, na wateja walimjia toka mitaa ya mbali. Lakini kila lori la dagaa lilipoingia, wenzake walinunua kwa fedha mkononi, yeye akaanza kuomba apewe kwa mali kauli. Mtaji wake ulikuwa umeliwa.

Uliliwa na mashemeji, uliliwa na majirani, lakini mlaji mkuu alikuwa Chisenga, kaka yake. Chisenga alifanya kazi mgodini mpaka walipopunguza watu. Malipo yake ya mwisho aliyagawa mara mbili: nusu akanunua mabati ya kuezekea nyumba yake ya udongo ng'ambo ya reli, nusu akainywa. Mkewe akaondoka, akamwachia watoto watatu. Ndipo mama yao, Bibi Musamba, akatoka kijijini Luwingu kuja kulea wajukuu. Katongo alimsihi mama akae kwake. Mama akasema, "Wewe una mikono miwili, mwanangu. Hawa watoto hawana hata mmoja." Akabaki kwa Chisenga.

Chisenga alijua mahali pa kumshika dada yake. Alikuja sokoni na uso wa msiba, akasema, "Dada, mama tumbo limemkaza tangu usiku." Katongo alifungua fundo la kitenge bila kuuliza. Kesho yake tukamwona Bibi Musamba mwenyewe anaingia sokoni na kikapu cha bamia kichwani, mzima kama ngoma mpya, anauliza bei ya chumvi. Mara ya pili ilikuwa mgongo wa mama. Mara ya tatu macho. Yule bibi alikuwa na afya kutushinda sote, na gongo ya ng'ambo ya reli iliendelea kupata wanywaji.

Mwaka huo shirika moja lilituletea mafunzo ya fedha, sisi akina mama wa sokoni, kila Jumatano alasiri katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa Thokozile, binti Mngoni kutoka Chipata, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Sisi Wabemba na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, kwa hiyo siku ya kwanza hatukufundishwa chochote. Mama Kabaso, muuza mkaa, mwanamke wa mwili na mdomo, alisimama akashika kiuno.

"Wangoni mlikuja nchi hii mkiiba ng'ombe za watu," akasema. "Leo mnatufundisha kuweka akiba?"

"Tuliiba ng'ombe kwa huruma," Thokozile akajibu. "Tuliwakuta mnakula nyani, tukasema hawa wakiachiwa ng'ombe watawaogopa na kukimbia."

"Mla panya mkubwa wewe!"

"Panya ana akili, mama. Anaweka chakula shimoni. Nyani anakula leo, kesho analia mtini. Haya, nani anajua mtaji wake ni kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Hapo ndipo tulipoanza.

Tulijifunza kutenganisha mtaji na faida, na faida na fedha ya ugali. Tulijifunza kuuliza riba kabla ya kupokea mkopo, hasa ule wa kaloba, mkopo wa mtaani, ambao unachukua moja mwezi huu na mwezi ujao unarudisha moja na nusu, na usiporudisha, mwenye fedha anabeba ulichoweka rehani. Tukaanzisha sanduku letu la akiba lenye kufuli tatu, na kila ufunguo ukakaa kwa mama tofauti. Mambo haya Katongo aliyashika upesi. Lililomshinda lilikuwa moja tu.

Thokozile alitupanga wawili wawili. Mmoja awe ndugu mwombaji, mwingine akatae. "Usidanganye kwamba huna," akasema. "Usimtukane. Usieleze mambo mengi, maana kila unaloeleza atalipatia jibu. Sema hapana, halafu nyamaza."

Katongo alipangwa na Mama Kabaso, na Mama Kabaso akajigeuza shemeji: akachechemea, akajikamua machozi, akasema miguu imempasuka kwa kutembea peku. Katongo akamtazama, midomo ikamcheza, kisha akavua malapa yake akampa. Ukumbi mzima ulilala chini kwa kicheko.

"Mama Kaluba!" Thokozile alisema, anajifuta machozi. "Huu ni mchezo, na umempa viatu vya kweli!"

"Nimeona miguu yake," Katongo akasema, na aibu imemjaa.

Lakini hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Kaluba, binti yake, aliniambia kwamba mama yake alikuwa akipika huku anaiambia sufuria, "Hapana. Hapana. Nimesema hapana." Miezi ilipita. Siku moja jirani yake alikuja kukopa, nikamsikia Katongo anasema, "Hapana, shoga," kisha akanyamaza kweli, anachambua dagaa, hadi yule mwenzake akaondoka. Lori lililofuata alinunua kwa fedha taslimu. Akaanza kununua hisa za sanduku kila wiki. Akaanza kuulizia kiwanja. Hata shingo yake ilibadilika, ikasimama.

Mvua za kwanza zilikuwa zinanukia Chisenga alipokuja tena. Ilikuwa asubuhi, soko limejaa.

"Dada," akasema, "nimekwama. Nilichukua kaloba kwa yule mkopeshaji, Sikazwe."

"Ya nini?"

"Sare za watoto. Na unga."

"Na gongo," Mama Kabaso akachomekea toka kwenye mkaa wake.

Chisenga hakumjibu. "Niliweka rehani mabati. Wiki hii yanang'olewa. Mama yuko ndani ya nyumba ile, dada."

Katongo alinyanyua uso. "Leo mama ana nini? Tumbo, mgongo au macho?"

Watu wakacheka. Chisenga alishika ukingo wa meza. "Leo sisemi uongo. Njoo uone."

"Hapana."

"Katongo..."

"Nimesema hapana, kaka. Mwache Sikazwe ang'oe. Jua likikuwakia kichwani labda utaamka."

Soko lilishangilia kana kwamba timu yetu imefunga bao. Chisenga alituangalia mmoja mmoja, kisha akaondoka, na shati lake limemtoka mgongoni upande mmoja. Jumatano ile tulimsimulia mwalimu. Thokozile akasema, "Makofi kwa Mama Kaluba!" Tukapiga makofi, na Katongo akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Mabati yaling'olewa kweli. Vijana wa Sikazwe walikuja na mkokoteni, wakayapanga, wakaenda nayo. Habari ilifika sokoni siku ileile. Katongo akasema majirani wa kule ni watu wema, mama atakuwa amehamia kwao na wajukuu, na kwamba Jumapili baada ya kanisa atakwenda kumchukua. Alikuwa na nia hiyo, maana alinunua shuka. Lakini Jumapili mvua iliamka na watu na haikukatika. Njia ya ng'ambo ya reli ikawa tope tupu. Akasema atakwenda Jumatatu. Jumatatu lori la dagaa likaingia.

Bibi Musamba hakuwa amehama. Majirani walichukua wajukuu, yeye akakataa kutoka. Alihofia wezi wangebeba vyombo na gunia la unga. Chisenga alimfungia karatasi la nailoni kwenye kona ya chumba, upepo ukalichana, akalifunga tena. Alimwambia mama waende kwa Katongo. Mama akasema, "Mwache. Ana watoto wake, chumba chenyewe kimoja." Kikohozi kilipomzidi, Chisenga alimlaza kwenye toroli la mkaa akamsukuma hadi hospitali, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Aliyetuletea habari alikuwa mwanamke wa ng'ambo, muuza mihogo. Katongo aliacha meza wazi akakimbia. Nilimfunikia dagaa, nikamfuata.

Tulimkuta mama kwenye kitanda cha ukutani, mdogo, kana kwamba mvua imemsinyaza. Pumzi ilikuwa inakwaruza. Chisenga alikuwa amechuchumaa sakafuni, nguo zimemshika mwili, hakutuangalia. Katongo akapiga magoti, akashika mkono wa mama.

Bibi Musamba alifumbua macho. Akamtambua. Akauliza, kwa ile sauti ya kusalimiana tu, "Huko kwenu mvua mmepata?"

"Tumepata, mama," Katongo akasema.

"Ni vizuri. Mahindi yataota."

Hakuuliza kingine. Alifariki siku iliyofuata, kabla jua halijafika utosini.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa Chisenga, kwa kuwa ndiko marehemu alikokuwa akiishi. Nyumba haina paa. Kanisa lilituazima turubai, wanaume wakalifunga juu ya kuta, na wanawake tukakaa chini yake tukilia huku maji yanatutonea mgongoni. Ndugu walianza kuteremka kutoka Luwingu, basi baada ya basi. Walitaka kula, na haki yao ni kula. Wenye funguo tatu tulikutana, tukafungua sanduku kabla ya wakati, tukampa Katongo hisa zake zote. Akanunua jeneza. Akanunua unga, kabichi, dagaa wa wenzake, kuni, akakodi gari la kwenda makaburini. Fedha iliyotoka siku zile ingetosha kulipa deni la Sikazwe mara kadhaa, na kila mtu pale alijua, hakuna aliyesema.

Aliyesema ni Chisenga. Jeneza liliposhushwa toka garini, alilipapasa ubao, akalisifu. "Mti mzuri," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Na vishikio vya shaba. Kumbe fedha ilikuwepo."

Mjomba mmoja alimkemea. "Nyamaza, Chisenga. Ni gongo yako iliyomuua dada yetu."

"Ndiyo, mjomba. Mimi nimeng'oa paa. Lakini huyu nilimwambia njoo uone."

Katongo alisikia yote. Hakugeuka.

Kwetu msiba haukamiliki bila watani. Kazi yao ni kuchekesha waliofiwa, na jeneza likitaka kutoka, mtani hulala njiani akadai alipwe. Hupewa sarafu moja na matusi kumi, watu wanacheka huku machozi yanawatoka, mzigo unapungua. Mngoni wetu alikuwa Thokozile. Alikuwa amekuja toka alfajiri, akakaa nyuma, amejifunika kitenge hadi machoni. Wazee wakaanza kuuliza, "Mngoni yuko wapi? Afanye kazi yake." Mama Kabaso alimsukuma. Nilimwona hataki. Lakini akaenda, akajilaza kwenye matope mbele ya jeneza, akanyanyua sauti yake ile kubwa, nayo ikatoka imepasuka.

"Hatoki mtu hapa! Bibi huyu alikuwa mke wangu wa vita. Nilipeni kwanza, walaji nyani!"

Wazee walianza kucheka. Mmoja akapekua mfuko kutafuta sarafu. Lakini Katongo alitoka katikati ya waliofiwa, akafungua fundo la kitenge, akatoa zote zilizobaki, noti kwa noti, akaziweka kifuani mwa Thokozile.

Kicheko kilikatika.

"Mama Kaluba," Thokozile akasema, bado amelala pale, "ni utani."

"Chukua."

"Ni utani tu, dada yangu. Nipe sarafu moja."

"Umesema ulipwe. Nimekulipa. Mpisheni mama apite."

Thokozile aliinuka, matope mgongoni, fedha mkononi, analia kama mtoto. Baadaye alimrudishia Kaluba fedha zile kwa siri, na Kaluba akanunulia unga.

Tangu siku ile Katongo hakuweza tena kukataa. Si kama zamani, maana zamani alitoa kwa moyo mwepesi, anatania. Sasa mtu akisimama mbele ya meza, hata kabla hajafungua mdomo, mkono wa Katongo ulikuwa umeshafika kwenye fundo. Watu ni watu. Habari zilienea. Walikuja wenye shida, wakaja wasio na shida, wakaja walevi mchana kweupe. Alimpa Chisenga fedha za mabati, Chisenga akazinywa. Akaja tena, akampa tena, naye akazinywa tena, wakati huo watoto wake wanahamahama kwa majirani. Mwishowe Katongo aliwachukua wale watatu, wakawa sita kwenye chumba kimoja. Nilimwambia, "Mama Kaluba, unajimaliza." Akanijibu, "Siwezi kujua nani anasema kweli." Hilo tu.

Mtaji ulipokwisha, alikwenda kwa Sikazwe. Ndiyo, kwa Sikazwe yuleyule, maana wengine wote walishamchoka. Hana mabati wala nyumba, akaweka rehani kitanda na masufuria. Tulijua pale vijana wa mkokoteni walipokuja sokoni kumuulizia.

Jumatano hiyo Katongo hakuja ukumbini. Alikuwa hajaja tangu msiba. Mama Kabaso hakungoja somo lianze.

"Mwalimu, huyu mwanamke umemharibu wewe."

Hakuna aliyesema mla panya. Thokozile alibaki na chaki mkononi. "Nilimfundisha kukataa kukopesha," akasema polepole. "Sikumfundisha asiende kumwona mama yake."

"Kwenda pia hukumfundisha."

Mwalimu angeweza kusema kwamba tulicheka wote sokoni, na kwamba Chisenga alidanganya mara tatu, na kwamba mvua haikuagizwa na mtu. Hakusema. Aliketi kwenye benchi letu, miongoni mwetu, akauliza, "Tufanye nini?"

Tulibishana hadi mfagiaji akatutoa. Tulilolikubali ni hili: sanduku limkopeshe Katongo alipe Sikazwe, na arudishe kidogokidogo bila riba. Na kuhusu wanaomwomba, kazi ya kukataa tumwondolee. Yeyote atakayefika kwenye meza yake atapitia kwetu, na hatutamjibu ndiyo wala hapana kabla wawili wetu hawajakwenda kuona.

Tulimwambia. Alitusikiliza, akasema, "Fanyeni mnavyotaka." Si shukrani, si kinyongo. Alikuwa amechoka.

Wa kwanza kupita mikononi mwetu alikuwa kijana aliyesema mkewe anaumwa uchungu, hana nauli ya kumfikisha hospitali. Mama Kabaso akajifunga kitenge. "Tangulia, baba. Tunakuja na sisi." Tulimfuata. Kwenye kona ya kinyozi alisema anajisaidia kidogo, na mpaka leo anajisaidia. Tulirudi tunacheka. Katongo hakucheka. Aliuliza, "Mmefika mpaka ndani?"

"Hakuna ndani, Mama Kaluba. Ametoroka."

"Lakini mmekwenda."

"Tumekwenda."

Akarudi kuchambua dagaa.

Chisenga naye alikuja, mvua zilipokwisha. Alikuwa amekonda, macho mekundu, ananuka. Nilisimama mbele yake. "Kaka Chisenga, una shida gani? Tuende tukaione."

Alitazama juu ya bega langu. "Siku hizi unasemewa, Katongo?"

Katongo alizidi kuinamia dagaa.

"Sina cha kuonyesha," Chisenga akaniambia. "Kuta tu." Alisubiri kidogo, labda dada yake angeinua uso. Hakuinua. Wiki hiyo alipanda lori la kwenda Solwezi, wanakosema kuna machimbo mapya, na hajaandika wala kutuma salamu. Watoto wake hawamuulizii mbele ya shangazi yao.

Katongo ameshamaliza kulipa sanduku. Ananunua dagaa kwa fedha yake, si wengi. Kiwanja hakiulizii tena. Thokozile amehamishiwa Chingola, na mwalimu aliyekuja baada yake ni mwanamume mpole anayesoma kutoka kwenye karatasi. Alipofika kwenye somo la kukataa, akatuambia tujipange wawili wawili, tulibaki tumekaa. Akadhani hatujaelewa, akarudia. Mama Kabaso akamwambia, "Somo hilo tunalijua, baba. Endelea na la mbele."

Siku za mvua Katongo hafungui meza. Tukimuuliza alikuwa wapi, anasema alikuwa ng'ambo ya reli, kwa yule muuza mihogo, au kwa mjane fulani wa kule, au kwa mtu ambaye sisi hatumjui. Hapeleki kitu. Anabisha hodi, anatazama juu kwenye paa, anaulizia hali, anarudi akiwa ameloa.